Zimetoka Zikaenda Wapi?

Baadhi yetu tunaoishi kwa kupiga picha Mtwara mjini tuna desturi ya kukutana Jumapili jioni kule Shangani, chini ya mkungu unaotazama bahari, tukinywa kahawa na kukosoana kazi za juma zima. Kila mmoja huleta picha moja ya sura ya mtu, aliyoipiga na kuihariri mwenyewe, nayo huzungushwa kutoka mkono hadi mkono huku kila anayeishika akisema anachokiona. Kanuni tuliyoiweka ni kwamba mkosoaji aanze na sifa ndipo ataje dosari, na dosari yenyewe aionyeshe kwa kidole badala ya kuifumba kwa methali. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, na mimi ndiye niliyeivunja kila Jumapili.

Jumapili moja jirani yangu, ambaye studio yake inatazamana na yangu, alileta picha ya bi harusi ambaye uso wake ulikuwa umeng'arishwa hadi ukafanana na unga wa sembe, ilhali shingo na mikono vilibaki na weusi wake wa kuzaliwa. Ningeweza kumwambia kwamba brashi yake ya kuangaza ilikomea kidevuni, kwamba nguvu yake ilikuwa kubwa mno, na kwamba weusi wa ngozi si giza la kuondolewa. Badala yake nilisema, "Kichwa kimeshafika Ulaya, shingo bado inasubiri basi Nanguruwe." Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Jirani aliniuliza kwa upole, "Sasa kaka, nirekebishe wapi?" Nami, kwa kuwa kicheko kilikuwa kimeninogea, sikumjibu.

Siku mbili baadaye aliingia studioni kwangu bibi mmoja wa Kimakonde kutoka Newala, akiwa amesindikizwa na mjukuu wake, kijana wa bodaboda. Ulikuwa msimu wa korosho, fedha za mnada zilikuwa zimeingia, na kijana alikuwa ameamua kumtengenezea bibi yake picha kubwa ya kutundika ukutani, shilingi elfu arobaini pamoja na fremu. Bibi alikuwa na uso ambao mpiga picha anaweza kuungoja miaka kumi. Mashavuni na kwenye paji la uso alikuwa na chale zilizopangwa kama vichwa vya mishale, zile ambazo wazee wa Kimakonde huziita dinembo, na juu ya mdomo kulikuwa na tundu lililoachwa na ndonya, lile pambo la mdomoni, aliyoivaa ujanani. Nilimketisha kando ya dirisha ili mwanga uingie kwa upande, kwa sababu mwanga wa mbele hulaza kila kitu, lakini wa ubavuni huipa kila chale kivuli chake kidogo.

Kabla sijabonyeza, bibi aliinua mkono. "Mjukuu wangu, mimi sina maneno mengi. Nataka hizi nembo zangu zitoke vizuri. Zitoke zote."

"Zitatoka, bibi, ondoa shaka," nilimjibu.

Naomba nieleweke. Juma lote hilo nilikuwa nimesikia neno hilo hilo kutoka kwa kila aliyeketi kwenye kile kiti: chunusi zitoke, makunyanzi yatoke, kovu la pikipiki litoke. Nilishangaa kidogo kwamba bibi wa umri ule anataka kuziondoa chale zake, hata nikasikitika, lakini nilijiambia kwamba uso ni wake na fedha ni za mjukuu wake. Mjukuu naye nilimpiga picha moja ya pasipoti saizi, bure, kwa uchangamfu tu.

Usiku nilifanya kazi ambayo hadi leo, kwa upande wa ufundi peke yake, sijaifikia tena. Niliigawa picha katika tabaka mbili, moja ikibeba rangi na vivuli vipana, nyingine ikibeba vitundu vya ngozi na mikunjo midogo midogo, kisha nikashika ile brashi ambayo waliotengeneza programu waliipa jina la kuponya, nikaanza kumponya bibi maradhi asiyokuwa nayo. Tatizo lilikuwa ngozi ya kupandikiza. Brashi ile inahitaji mahali safi pa kunakili, na uso wa bibi haukuwa na mahali hata pa ukubwa wa sarafu pasipo na chale. Ilipofika saa saba za usiku nilipata wazo ambalo wakati huo nililiona la kipaji: mjukuu ni damu yake, ngozi yao ina rangi moja, basi nitaazima shavu la mjukuu. Nikaazima. Tundu la ndonya nikaliziba kwa kipande cha kidevu.

Jumapili niliipeleka Shangani ikiwa tayari ndani ya fremu, nikaiweka mkekani kama mtu anayeweka turufu. Jirani yangu aliishika wa kwanza, akaitazama kwa muda mrefu, akasafisha koo.

"Naanza na sifa, kama kanuni inavyotaka. Fremu ni nzuri." Akanyamaza tena. "Dosari ninayo moja, nayo naionyesha kwa kidole: hapa, chini ya shavu. Huyu bibi alinyoa lini?"

Nilimnyang'anya picha. Kweli, kwa mwanga wa jioni, vile vivinyweleo vya kijana aliyenyoa juzi vilikuwa vimechipua juu ya taya la bibi. Nilimlaumu mchapaji, kisha nikalilaumu jua la machweo, na vyote viwili viliposhindikana nikayalaumu macho ya jirani, nikimwambia kwamba mtu aliyempaka bi harusi unga hawezi kunifundisha ngozi. Yeye alitabasamu tu, akanywa kahawa yake.

Mzee wetu mmoja, ambaye alianza kazi enzi za chumba cha giza na aliyekuwa akirekebisha negativu kwa kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano, alivaa miwani. "Zamani," alisema, "maabara zililinganisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na watu wetu wakatoka giza tupu, macho na meno tu. Sisi tulikuwa na wa kumlaumu. Wewe kamera imekuonyesha kila mstari, halafu ukakesha unafuta. Sisi tulisafisha picha, mwanangu. Wewe umesafisha mtu."

"Mteja mwenyewe ameagiza, mzee."

"Ameagiza kwa maneno gani?"

"Amesema zitoke."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa kikoi, akairudisha mfukoni. "Haya," alisema. "Kesho si mbali."

Asubuhi ya Jumatatu bibi alifika na mjukuu wake. Baada ya shikamoo na marahaba niliifunua picha kwa mikono miwili. Bibi aliitazama kwa heshima, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni, kisha akauliza, "Huyu mama ni wa wapi?"

"Ni wewe, bibi."

Alidhani ninamtania, akacheka kidogo kwa adabu. Kisha akaacha kucheka. "Nembo zangu ziko wapi?"

"Zimetoka, bibi."

"Zimetoka zikaenda wapi?"

Hapo ndipo neno lile liligeuka ndani ya kichwa changu na kunionyesha upande wake wa pili, nami nikasikia jasho likishuka mgongoni. Nilifungua mdomo kueleza, lakini mjukuu, aliyekuwa ameinama karibu na kioo cha fremu, aliniwahi. "Bibi," alisema kwa sauti ya mtu aliyeona mzimu, "hiki kipele ni changu."

Bibi aliketi. Alinieleza, bila kupandisha sauti, kwamba alipokuwa msichana alikatwa kwa kisu kidogo, akapakwa unga wa mkaa, vidonda vikapona, akakatwa tena palepale ili alama zikolee, na kwamba hakulia, na kutolia kwake kulisimuliwa kijijini. "Kazi ya siku ngapi umeifuta kwa usiku mmoja," alisema, "na bado ukanipa ndevu."

Kwa bahati nzuri faili halisi la kamera nilikuwa nalo. Niliketi naye mbele ya kompyuta, nikalifungua bila kuligusa, naye akaanza kunikosoa. Nimekosolewa na watu wengi, lakini sijapata kukosolewa namna ile. Alisema mshale wa tatu wa shavu la kushoto haujakolea, na nilipokagua nikakuta kivuli cha pua kimeumeza; nikakipunguza kidogo. Alisema paji la uso linang'aa kama sufuria, nami nikashusha mwanga. Alisema tundu la ndonya libaki kama lilivyo kwa sababu dada yake atalitafuta kwanza. Kila alichokitaja alikigusa kwa kidole, akanipa na sababu yake, nami niliandika kwenye karatasi kama mwanafunzi, huku jirani akiwa ameegemea mlango wa studio yake, ng'ambo ya barabara, akinipungia mkono.

Tulipomaliza, uso ulikuwa wake. Bibi aliridhika, akasimama, akajifunga kanga, kisha akarudi tena kwenye kioo cha kompyuta na kuonyesha doa dogo la chai kwenye kanga aliyoivaa siku ya kupigwa picha. "Na hili doa nalo," alisema, "litoke."

Niliweka kalamu chini. "Bibi, samahani. Litoke lionekane, au litoke liondoke?"

Alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia mjukuu wake na kumnong'oneza, ingawa nilisikia: "Huyu alifika darasa la ngapi?"