Kozi Ipo Mtandaoni, Muda wa Kuisoma Uko Wapi?

Taasisi ikiamua kuanzisha mafunzo ya mtandaoni, kikao cha kwanza huwa cha kuchagua mfumo, yaani programu ya kuendeshea kozi. Wauzaji wanakuja na slaidi zao, watu wa tehama wanauliza habari za seva, mhasibu anaguna. Kwa maoni yangu, kikao hicho kingefaa kiwe cha mwisho. Mifumo ipo tele. Moodle, kwa mfano, ipo tangu 2002 na programu yenyewe hailipiwi leseni, ingawa mtu wa kuitunza lazima alipwe. Mafunzo mengi niliyoyaona yakifa hayakuuawa na mfumo. Yalikosa muda.

Hapo ndipo wakubwa wengi wanapojidanganya. Barua pepe inatumwa: wafanyakazi wote wamalize kozi ya usalama wa taarifa kabla ya mwisho wa mwezi. Waimalize saa ngapi, haisemi. Mfanyakazi wa kaunta ana foleni mbele yake, hivyo anaifungua kozi pembeni ya skrini, anazima sauti, na kila akipata mwanya kati ya mteja na mteja anabofya "Endelea". Video inajichezea yenyewe. Mwishoni kuna maswali matano, na akikosea anaruhusiwa kurudia mpaka apatie. Jioni ripoti inaonyesha amefaulu kwa asilimia 100. Mimi simlaumu, kafanya alichoagizwa.

Dawa yake wala haihitaji utaalamu: kozi iingie kwenye ratiba ya kazi, na msimamizi wa karibu ailinde saa hiyo. Nasema msimamizi wa karibu makusudi. Mkurugenzi anaweza kuzindua mradi kwa hotuba nzuri, lakini Jumanne asubuhi, kazi zikiwa zimerundikana, hayupo pale mtu anapoambiwa, "Hiyo kozi utaimalizia nyumbani." Ikishafika nyumbani, tena kwa bando lake mwenyewe, imeshakuwa kazi ya ziada isiyolipwa.

Halafu kuna maswali yenyewe. Kozi nyingi zinapima kumbukumbu ya slaidi: sera ina vipengele vingapi, ilipitishwa lini. Heri swali la namna hii: mtu amekupigia simu, anajitambulisha kuwa fundi wa makao makuu, anataka nywila yako arekebishe hitilafu, na jina la bosi wako analijua. Unamjibu nini? Swali kama hilo watu huendelea kubishania hata kompyuta zikishazimwa. Lirudishwe tena baada ya wiki kadhaa likiwa na sura nyingine. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kuwa tunachokisoma mara moja hututoka upesi, na kwamba kurudia kwa vipindi hukifanya kikae.

Kuhusu kupima kama mafunzo yamefaa, Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kueleza ngazi nne mwaka 1959: walionaje mafunzo, wamejifunza nini, wamebadilika vipi kazini, na taasisi imepata nini. Wengi huishia ya kwanza, kwa fomu ya kutia nyota. Mimi ningekimbilia ya tatu. Miezi mitatu baada ya kozi, watumie wafanyakazi barua pepe ya ulaghai ya majaribio. Hesabu wangapi wamebofya kiungo, na wangapi wametoa taarifa kwa tehama. Hiyo idadi ya pili ndiyo ningetaka kuiona kwenye ripoti, orodha ya vyeti ibaki huko rasilimali watu.