Kilo sita za utosi

Nimekuwa mwalimu wa hesabu miaka 4, muuza bima miaka 3, na mhasibu miaka 12. Nazitaja kazi hizo mapema ili baadaye msije mkasema nilificha ushahidi.

Usanii ulinivamia ukubwani. Nilijiunga na darasa la jioni la kufinyanga ili nipumzishe akili, na jioni ya kwanza nikahangaika na pua moja ya udongo mpaka mwenye ufunguo akaja kunifukuza. Nilikuwa sijatazama saa hata mara moja. Ofisini nilikuwa naitazama kila dakika 5. Mwaka haukuisha, nikaandika barua ya kuacha kazi na kwenda kujifunza kusubu sanamu za shaba nyeusi kwa fundi mmoja mzee asiyependa maneno.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kichwa na mabega ya baba mkwe. Mzee hakuamini hata kidogo kwamba mtu huacha mshahara akacheze na matope, ila alikubali kukaa nimtazame. Nadhani alitaka kunichunguza kwa karibu.

Udongo ukatoka vizuri. Nikautolea kalibu ya mpira, na humo nikapata sanamu ya nta, tupu ndani, unene wake milimita 5 hivi. Hapo ndipo unapobandika mirija ya nta ambayo shaba itapitia, na kikombe juu yake. Kisha unachovya kila kitu kwenye uji wa kauri na kunyunyiza mchanga, unaacha ikauke, unachovya tena, siku nenda siku rudi, mpaka inakuwa gamba gumu. Gamba linatiwa motoni, nta inayeyuka na kutoka, panabaki uwazi wenye sura ya mkweo.

Sasa hesabu. Kanuni ya karakana ni nyepesi: kilo 1 ya nta, kilo 10 za shaba. Fundi aliniuliza, "Utaweza kupiga hesabu ya shaba?"

Nilicheka. Mimi? Nikamwambia sanamu ilikuwa na kilo 2 za nta, kwa hiyo tuyeyushe kilo 20. Nilimwandikia hata karatasi, nikapiga mstari mara mbili chini ya jumla.

Siku ya kumimina tukavaa maaproni ya ngozi na vioo vya uso, tukakibeba chungu kutoka tanurini watu wawili, shaba ikiwa kwenye nyuzi 1,100 hivi, inang'aa kama jua linalozama. Tukamimina. Ukishaanza husimami, na unajua imejaa pale shaba inapochungulia kwenye kikombe.

Haikuchungulia.

Fundi akainamisha chungu zaidi. Likatoka tone moja, likaning'inia mdomoni mwa chungu, likaanguka. Kimya hicho nakijua: ndicho huingia chumbani mkaguzi anapofunua ukurasa na kukuta pengo.

"Mirija ulipima?" akauliza.

Nilikuwa nimepima sanamu kabla ya kubandika mirija na kikombe. Mhasibu mzima nimenunua mzigo, nikasahau gharama za usafiri. Kilo 6.

Cellini, mfua dhahabu wa Florence, Italia, wa karne ya 16 aliyegeukia sanamu kubwa, anasimulia kwamba alipokuwa anasubu sanamu ya Perseus, shujaa wa ngano za Kigiriki, shaba ikamgomea, akatupia tanurini vyombo vyake vya mezani karibu 200 vya aloi ya bati, na ikakubali. Nilitazama huku na huku. Karakana nzima ilikuwa na sufuria moja, ya alumini, tena ya fundi.

Kesho yake nikavunja gamba kwa nyundo. Kidevu kikatoka, safi. Midomo, na ule mkunjo wake wa dharau. Pua. Nyusi. Juu ya nyusi, hewa. Shaba ilikuwa imeishia hapo, ukingo wake umejiviringa laini kama mdomo wa kikombe, na ukichungulia unaona mpaka shingoni.

Kalibu ya mpira ilikuwepo, ningeanza upya bila mtu kujua. Ila mzee alikuwa ameshafika mlangoni.

Akaizunguka sanamu mara mbili. Akatia mkono ndani ya kichwa chake mwenyewe, akapapasa.

"Mwanangu, hii ni mitindo ya kisasa?"

"Hapana, baba. Shaba ilipungua. Hesabu ilinipiga chenga."

"Shuleni ulifundisha somo gani vile?"

"Hesabu."

"Na vitabu vya fedha za watu umevishika miaka mingapi?"

"Miaka 12."

Akavua miwani, akaitumbukiza utosini, ikatoa mlio kama kengele.

"Na walikufukuza, au uliacha mwenyewe?"

"Niliacha mwenyewe, baba."

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," akasema. "Afadhali sana."