Koti linalofunika jina la polisi

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana wazi. Ukipita kwenye kizuizi cha barabarani, mara nyingi huoni hata kimoja. Si lazima kuwe na nia mbaya: koti la kuakisi mwanga huvaliwa juu ya shati, likafunika kifua pamoja na jina.

Wapo wanaosema hilo ni jambo dogo, na hoja yao ina uzito. Rushwa hailetwi na koti. Mwaka 2023 jopokazi la mageuzi ya polisi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilipendekeza mishahara ya maafisa wa vyeo vya chini ipandishwe kwa asilimia 40, maana konstebo mwenye njaa hatatulizwa na semina ya adabu. Sare ya buluu iliyoletwa mwaka 2018 nayo ilibadilisha rangi tu. Mazungumzo ya dirishani yakabaki yale yale.

Je, polisi akisema kwa adabu, raia humwamini zaidi? Utafiti wenyewe haukubaliani. Queensland, Australia, polisi waliokuwa wakipima ulevi wa madereva walipewa maneno ya kusema: kueleza sababu ya kusimamisha gari, kumsikiliza dereva, kumshukuru. Madereva waliosimamishwa hivyo waliwaona polisi kuwa waadilifu zaidi. Scotland ilipojaribu jambo hilo hilo, matokeo yakageuka: waliosimamishwa na kikosi kilichopewa maelekezo hayo waliridhika kidogo kuliko wengine. Mojawapo ya maelezo ni kwamba maafisa waliliona zoezi kama amri nyingine ya wakubwa, wakati wao wenyewe hawasikilizwi kazini. Hapo ndipo ninapowaunga mkono wanaodai mishahara na makazi kwanza, lakini nusu tu.

Nusu nyingine iko kwenye leseni ya dereva wa matatu. Afisa anaichukua, anaitia mfukoni, anavuka barabara bila kusema neno. Makanga anashuka kumfuata. Abiria kumi na wanne wameona, na kila mmoja ameshajijibu kilichoendelea kule, hata kama kilichosemwa ni kwamba tairi limekwisha. Afisa mwaminifu anapoteza heshima yake hapo bila kupokea shilingi. Angesoma leseni palepale dirishani, ataje kosa kwa sauti ya kusikika, kisha aseme kinachofuata: onyo, au kufika mahakamani. Hilo halihitaji bajeti.

Kuhusu jina, maafisa wengi huhofia kuanikwa mitandaoni, na wengine wanaishi mitaani pamoja na raia. Hofu hiyo ni ya kweli, na sheria imeshaijibu kwa kuruhusu nambari. Kisichokubalika ni kuficha vyote viwili pamoja na uso, kama ilivyoonekana kwenye maandamano ya 2024. Mlalamikaji akifika IPOA, mamlaka huru inayochunguza malalamiko dhidi ya polisi, bila jina wala nambari, uchunguzi unaanzia gizani, na afisa asiye na kosa anabaki akishukiwa pamoja na mwenye kosa.

Nambari ichapishwe kwenye koti lenyewe, mbele na mgongoni, kwa herufi ambazo dereva atazisoma akiwa kwenye kiti chake. Makoti yasiwe ya kuazimana zamu kwa zamu, la sivyo nambari itamtaja mtu ambaye siku hiyo yuko nyumbani. Na kiongozi wa zamu akague kwenye paredi, kabla ya gari la kwanza kusimamishwa.