Kabla ya kuchagua upinde, hesabu jioni zako

Upinde wangu wa kwanza niliununua kwa ajili ya babu, na hapo ndipo nilipokosea. Sisi ni Wakamba, na kwetu Kitui babu hatajwi bila upinde wake kutajwa. Kwa hiyo wenzangu kazini hapa Ohio, Marekani, walipoanza kunivuta niende nao kuwinda kulungu, niliingia dukani nikiwa nimeshaamua. Muuzaji aliniwekea mezani vitu viwili. Cha kwanza kompaundi, upinde wa kuvuta kwa mkono wenye roda kwenye ncha zote mbili. Cha pili krosibo, upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, una kifyatulio na darubini juu. Nikaicheka krosibo. Mjukuu wa yule mzee atembee porini na kitu cha kufyatua?

(Kulungu ninayemsema ni yule wa Marekani anayeinua mkia mweupe akikimbia, si kulungu wetu wa vichakani. Wenye elimu ya wanyama wanisamehe. Waswahili wa huku ninaowajua wote wanamwita hivyo.)

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi usiku katika ghala la mizigo. Nilirudi saa moja asubuhi, nikalala hadi mchana, nikaamka kuwachukua watoto shule. Mazoezi ya upinde yalibaki Jumamosi, tena Jumamosi ile ambayo hakuna harusi, matanga wala chama. Nilipiga mishale ishirini hivi, nusu yake ikakaa vizuri, nikajiona niko tayari.

Novemba ikafika. Nilikuwa juu ya ulingo, nimejifunga mkanda wa usalama kwenye shina la mti, baridi imeshuka chini ya sifuri. Jike mmoja akatoka kwenye mahindi yaliyovunwa, akasimama kama mita 20 kutoka kwangu. Nikavuta. Akainua kichwa na kutazama upande wangu, nami nikakwama palepale, ugwe (kamba ya upinde) umefika shavuni, siwezi kuachia wala kurudisha. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Bega likaanza kutetemeka, kile kijiti cha kulengea kikawa kinapanda na kushuka juu ya ubavu wake. Nikaachia kwa sababu nilichoka, si kwa sababu nililenga.

Mshale niliukuta umechomeka ardhini ng'ambo ya pale aliposimama. Manyoya ya mshale yalikuwa na uchafu wa kijani, na harufu ya utumbo. Anayewinda anajua maana yake: umepiga tumbo, mnyama atakufa, lakini polepole, na ukimfuata mara moja utamfukuza kata nzima. Unasubiri muda wa saa nane, kumi, hata usiku mzima. Nilisubiri. Alfajiri nikarudi na rafiki yangu na tochi mbili, tukafuata tone hapa, tone pale, mpaka kwenye kijito. Tulimkuta koyote, mbwa mwitu wa huku, wameshamla mapaja yote. Sikuchukua hata kilo moja ya nyama.

Nimesimulia hayo kwa sababu watu wakiniuliza ipi bora, kompaundi au krosibo, huanza na nguvu. Ipi inapiga mbali? Ipi ina kasi? Nguvu si tatizo kabisa. Sheria ya Ohio inataka upinde wa kuvuta uwe na uzito wa mvuto, yaani nguvu ya kuvutia ugwe, usiopungua paundi 40, na krosibo paundi 75, na vyote vilivyoko madukani vimepita hapo mbali sana. Mshale wa kompaundi ya kawaida ukipita katikati ya mbavu za kulungu hutokea upande wa pili. Huwezi kumuua zaidi ya hapo.

Kinachowadanganya watu kuhusu kompaundi ni zile roda. Mmarekani mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, ndiye aliyezibuni, akapata hataza yake mwaka 1969. Roda zenyewe si duara kamili, kwa hiyo unapovuta unabeba uzito wote mwanzoni, halafu ukikaribia mwisho zinageuka na mzigo unapungua ghafla. Upinde wa paundi 60, yaani kilo 27, unaweza kukubakishia mkononi kilo 5 tu. Dukani kwenye joto unasema, aa, hii rahisi. Juu ya ulingo, na glavu, baada ya saa tatu za kukaa bila kusogea, kilo 27 za mwanzo ni kilo 27 kwelikweli, na unazivuta mbele ya macho ya mnyama. Na zile kilo 5 hazikusaidii chochote kama mkono haurudi palepale kwenye taya kila mara, kama unaukaba mshikio, kama kidole kinashtua kile kifyatulio kidogo cha mkononi cha kuachia ugwe. Hayo mwili huyajifunza kwa kurudia mara nyingi, mara nyingi mno, na ukiacha wiki tatu mwili unasahau.

Krosibo haikudai hayo. Unakanyaga pete ya mbele, unavuta ugwe kwa kamba yenye vishikio viwili inayopunguza mzigo nusu, unasikia klik, basi. Kazi ya kushikilia inafanywa na chuma. Siku ya kwanza niliyoazima ya rafiki yangu, mishale mitatu ilikaa ndani ya kifuniko cha chupa ya chai, mita 30. Nilikasirika kidogo, nakiri.

Lakini krosibo nayo ina uongo wake, na uongo huo unaandikwa kwenye maboksi kwa herufi kubwa: kasi. Mita 120 kwa sekunde! Mtu anasoma hivyo, anatazama darubini yenye mistari ya kulengea mbali, anaamini ameshika bunduki. Piga hesabu. Sauti inasafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kulungu aliye mita 50 anausikia mlio wa krosibo, na ni mlio mkubwa, karibu robo sekunde kabla mshale haujamfikia. Akishtuka, jambo la kwanza anachuchumaa ili apate kuruka, na mshale unapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, unampiga mahali usipotaka. Kwa hiyo mimi krosibo yangu ina mpaka uleule niliouwekea kompaundi: mita 30. Ukinunua krosibo ili upige mbali, afadhali ungoje wiki ya kuwinda kwa bunduki.

Na ni mzigo. Ni pana, inakwama kwenye vichaka, na juu ya ulingo lazima uhakikishe mbawa zake hazitagonga shina zinapofunguka. Kidole gumba kikipanda juu ya njia ya ugwe, ugwe hautakiuliza. Kompaundi ukighairi unairudisha taratibu. Krosibo nyingi ukishaitega utaishusha kwa kupiga mshale kwenye shabaha au ardhi laini, giza limeingia, umechoka. Na ukikosa mshale wa kwanza, sahau wa pili, maana kuitega upya mtini ni kelele na purukushani tupu.

Sasa tuje kwenye aibu, maana ndilo suala lenyewe ambalo watu hawalisemi. Kuna wawindaji huku wanaodharau krosibo, wanasema si upinde, ni udanganyifu. Mmoja aliniambia hata Kanisa liliipiga marufuku zamani. Kweli, Mtaguso wa Pili wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa, mwaka 1139 ulikataza kuitumia dhidi ya Wakristo. Ila kanuni hiyohiyo iliwataja wapiga upinde wa kawaida pamoja na wapiga krosibo, na hilo hakulisema.

Mimi nilipomaliza kuona haya nilimfikiria babu vizuri. Upinde wake ulikuwa mgumu kweli, lakini hakuutegemea upinde. Alitegemea sumu. Inachemshwa kutoka kwenye magome na vijiti vya mti, inakuwa nyeusi kama lami, inapakwa nyuma ya chembe cha mshale, ile ncha yake kali, na kuviringwa ngozi nyembamba isikauke. Mshale ulihitaji kuingia tu, moyo wa mnyama ukasimamishwa na dawa. Wenzetu Wahadzabe kule Ziwa Eyasi nao wana yao. Hapa Ohio sumu hairuhusiwi, mnyama lazima afe kwa kuvuja damu, na ndiyo maana chembe zetu ni pana kama wembe na mahali pa kupiga ni padogo. Babu alichukua kila kitu alichoweza kupata ili mnyama asiteseke na watoto wasilale njaa. Angeonyeshwa darubini angeiweka, nina hakika.

(Walioko nyumbani msiniandikie mkiuliza bei. Kenya uwindaji ulifungwa mwaka 1977. Walioko Uingereza pia, kuwinda kwa upinde wa aina yoyote ni kosa. Na hata huku Marekani majimbo hayafanani: Oregon hawaitaki krosibo porini kabisa, Ohio inaikubali kwa kila mwenye leseni, msimu mzima wa upinde, kuanzia mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Februari.)

Kwa hiyo anayeniuliza sasa namuuliza kwanza kuhusu jioni zake. Una jioni tatu kwa wiki, nusu saa nusu saa, kuanzia Machi hadi Septemba? Nunua kompaundi na utaipenda, hakuna raha kama kuivuta ikaenda vizuri. Zamu zako zinabadilikabadilika, bega lina hitilafu, wikendi ni za familia? Nunua krosibo ya kawaida, si ile ya dola elfu mbili, ongeza mishale na mkanda mzuri wa usalama. Mimi niko kundi la pili, mwaka wa sita huu, na friza haijakosa nyama.

Ile kompaundi sikuiuza. Kijana wangu ametimiza miaka 14, tumeilegeza hadi paundi 42, na tangu theluji iyeyuke anaipiga nyuma ya nyumba kila siku kabla ya chakula cha jioni. Mama yake analalamika kwamba wali unapoa. Nikiwa jikoni nausikia mshale ukigonga shabaha, kimya kidogo, mwingine, na ninavyosikia, siku hizi kile kimya cha katikati kinalingana.