Waya Wenye Jina Langu

Nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya usimamizi wa teknolojia ya habari, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam ambacho kwa heshima ya walionivumilia sitakitaja, na nilikuwa nimetoka kupata alama 18 kati ya 20 katika jaribio la usimamizi wa mabadiliko. Naomba msomaji asilisahau jaribio hilo. Humo niliandika, kwa mwandiko wa mtu anayejisikia, kwamba asiwepo wa kugusa kifaa chochote cha mtandao kabla hajajaza fomu ya ombi, hajapima athari, hajapata kibali na hajaandaa njia ya kurudisha mambo yalivyokuwa endapo yataharibika. Hayo ndiyo yanayosisitizwa na ITIL, mwongozo wa kuendesha huduma za teknolojia ya habari ulioanzia serikalini Uingereza katika miaka ya 1980, na mimi nilikuwa nimeyakariri hadi nukta na mkato.

Siku tatu baadaye, Ijumaa asubuhi, tukaingia maabara kujifunza kutengeneza waya wa mtandao. Ukilichuna ganda la waya huo unakuta nyuzi nane zilizosokotwa kwa jozi nne, na kazi yako ni kuzinyoosha na kuzipanga kwa utaratibu usiobadilika: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Kisha unazikata ziwe sawa, unazisukuma zote kwa pamoja ndani ya kichwa kidogo cha plastiki, na unakibana kwa koleo lake mpaka usikie kimelia. Vidole vyangu ni vinene, na uzi wa kijani ulikuwa na tabia ya kuhama nafasi yake kila nilipopumua. Niliharibu vichwa vinne. Niliporudia kwa mara nyingine, kifaa cha kupimia kikawasha taa ya kwanza hadi ya nane bila kuruka hata moja, na nakiri kwamba macho yalinilenga machozi.

Mhadhiri wetu alikuwa ametuambia tangu mwanzo wa muhula kwamba waya usio na lebo ni yatima. Nikakata kipande cha selotepu ya karatasi, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito jina langu la kwanza, la baba na la babu, namba ya usajili pamoja na tarehe, nikakizungushia kwenye waya, na juu yake nikapitisha selotepu ang'avu ili maandishi yasifutike.

Kipindi kilipokwisha wenzangu waliondoka, mimi nikabaki nikiuangalia waya wangu. Ncha moja ilikuwa imechomekwa kwenye kiswichi cha matundu manane, yaani kifaa kidogo cha kuunganishia kompyuta kwa nyaya, kilichokaa chini ya meza, na ncha ya pili ilikuwa imelala sakafuni. Hapo ndipo malezi yalipoingilia taaluma. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na nyumbani kwake kitu kinachoburuta chini ni ushahidi kwamba hakuna mwenye nyumba. Nikatazama kile kiswichi, nikaona tundu lililo wazi, nikaiokota ncha iliyolala na kuichomeka humo. Ikalia "tak". Taa za kijani, ambazo awali zilikuwa zikipepesa moja moja kwa uvivu, zikaanza kupepesa zote kwa pamoja kwa kasi ya ajabu. Nilidhani zinanipongeza. Nikaenda kantini.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kulipa ada kwa wanaotaka kufanya mtihani, na kila mwanafunzi alipaswa kuchukua namba ya malipo kutoka kwenye mfumo wa chuo. Nilipofika kantini, foleni ya ofisi ya uhasibu ilikuwa imetoka nje, imeupita mwembe na inakaribia geti, kwa sababu mtandao mzima wa chuo ulikuwa umekufa.

Kwa kuwa nilikuwa kiongozi wa darasa, na zaidi ya hapo msomi mwenye alama 18, nilijiona nina wajibu wa kuwaelimisha wananchi. Nikapanda kwenye benchi, nikawakumbusha kwamba Mei 2024 mikongo ya baharini ilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima, nikaeleza jinsi meli za kuunganisha mikongo zinavyofanya kazi, na nikawashauri wawe na subira kwani suala lenyewe lipo chini ya bahari. Watu walianza kutikisa vichwa kwa kunikubali. Mama aliyekuwa akikaanga chapati akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona mimi WhatsApp yangu inaenda?" Nikamjibu kwamba jambo hilo ni la kitaalamu kidogo.

Fundi wa mtandao wa chuo alikuwa mzee mtulivu ambaye hakuhutubia mtu. Aliingia kwenye chumba cha swichi kuu na kuanza kuchomoa nyaya za majengo, mmoja baada ya mwingine, akisubiri kidogo baada ya kila mmoja. Alipochomoa ule unaokuja maabara, mtandao ukafufuka, na foleni ya ada ikapiga vigelegele. Mimi nikamfuata mbio, nikamwamkia, nikamwomba niambatane naye ili nijifunze. Mzee akaniambia, "Marahaba, twende." Akapiga magoti, akaingia chini ya meza, na mimi ndiye niliyemshikia tochi.

Miwani aliiacha ofisini, kwa hiyo aliisoma lebo kwa sauti, silabi baada ya silabi, jina langu, la baba, la babu. Alipofika kwenye namba ya usajili alinyamaza, akageuza shingo kule kule chini ya meza na kuniuliza, "Mwanangu, huyu unamfahamu?"

Nikazima tochi.

Alinielewesha kosa langu bila kupandisha sauti. Kompyuta isiyojua mwenzake alipo hupiga tangazo, na swichi hulisambaza tangazo hilo kwenye kila tundu isipokuwa lile lilikoingilia, kama umbea wa uswahilini ambao kila anayeupata humpelekea kila mtu isipokuwa aliyemletea. Sasa, ncha mbili za waya mmoja zikiwa kwenye swichi moja, umbea ukitokea mlango huu unarudi kwa mlango ule ukiwa kama mpya, unasambazwa tena, na mwisho hakuna nafasi ya mtu kusema neno la maana. Pakiti za IP, yaani vifurushi vya data vya intaneti, zina hesabu ya kupungua hadi zife, lakini fremu za Ethernet, yaani bahasha zinazobeba data kwenye nyaya za mtandao wa ndani, hazina hesabu hiyo, zitazunguka mpaka mtu achomoe. Dawa yake ipo tangu mwaka 1985, pale Radia Perlman wa Marekani alipobuni kanuni inayoziwezesha swichi kuugundua mzunguko na kulifunga tundu mojawapo. Kiswichi chetu cha chini ya meza hakikuijua kanuni hiyo, na kwenye swichi kuu kulikuwa na mtu aliyeizima zamani bila kuandika popote sababu yake, jambo lililonifariji kwa kama dakika moja.

Jumatatu mhadhiri aliamua kulitumia tukio hilo kufundishia mbinu ya kuuliza "kwa nini" mara tano, ile iliyokuzwa katika viwanda vya Toyota, na akaniita mbele nijibu mwenyewe. Kwa nini mtandao ulianguka? Kwa sababu ulifurika matangazo. Kwa nini ulifurika? Kwa sababu kulikuwa na mzunguko. Kwa nini kukawa na mzunguko? Kwa sababu ncha zote mbili zilichomekwa kwenye swichi moja. Kwa nini zilichomekwa?

"Sakafu ilikuwa haipendezi, Mwalimu."

Akaandika ubaoni vile vile nilivyosema. Kisha akageuka na chaki mkononi kusubiri ya tano, na kwa kuwa tulikuwa tumeonywa kwamba mchunguzi mkweli haishii njiani, nikasema kwamba mama yangu hapendi kitu kinachoburuta chini. Darasa lilichukua muda kutulia. Ripoti iliyopelekwa kwa uongozi, ambayo niliiandika mwenyewe kama sehemu ya adhabu, inaonyesha katika safu ya chanzo cha msingi maneno "malezi ya nyumbani". Mama nilipompigia simu kumsimulia alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Kwani hicho kitundu chenyewe walikiacha wazi cha nini?"

Waya wenyewe fundi aliutundika ukutani, kando ya mlango wa maabara, na kila mwaka wanafunzi wapya hupitishwa hapo kwanza. Niliambiwa nikitaka naweza kuibandua lebo. Nimejaribu mara mbili, ila selotepu ile ilikuwa ya ubora wa hali ya juu.