Mama Akisema "Leo Hayuko Sawa"

Josie King alikuwa na miezi 18 alipolazwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwanzoni mwa mwaka 2001, baada ya kuungua na maji ya moto bafuni. Vidonda vilikuwa vinapona na familia ilishaanza kuhesabu siku za kurudi nyumbani. Ndipo mama yake, Sorrel King, akaona jambo: akimfuta mwili, mtoto anakidaka kitambaa kilicholowa na kukifyonza kwa pupa. Huyu ana kiu, akasema. Akahakikishiwa kwamba vipimo viko sawa. Baadaye mtoto akapewa methadoni, dawa kali ya maumivu, huku mama akipinga. Josie alifariki Februari, mwili wake umekaukiwa maji, ndani ya mojawapo ya hospitali zenye sifa kubwa kabisa duniani.

Kitambaa kile hakinitoki akilini. Hakuna mashine wodini inayopima namna mtoto anavyofyonza kitambaa. Aliyekuwa na kipimo hicho ni mtu mmoja tu, na hakuwa na pa kukiandika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema, na mara nyingi tunalisema msibani. Mimi nadhani wazazi kama Sorrel King, waliogeuza kilio chao kuwa kampeni, wanachodai ni kwamba methali hiyo ifike wodini kabla ya msiba.

Miaka 20 baadaye, hali ni ileile Uingereza. Martha Mills, binti wa miaka 13, alianguka na baiskeli akiwa likizoni Wales, usukani ukamgandamiza tumboni na kongosho likaumia. Akapelekwa King's College Hospital, London, kwa mabingwa. Huko akapata sepsisi, yaani mwili kushambulia viungo vyake wenyewe kutokana na maambukizi. Mama yake, Merope Mills, aliitaja hofu yake mapema, tena akiona wikiendi ya sikukuu inakaribia na madaktari wakubwa hawatakuwepo. Akatulizwa. Martha alifariki Agosti 31, 2021, siku chache kabla ya kutimiza miaka 14, na mwaka uliofuata uchunguzi rasmi wa kifo chake ukaeleza kwamba kuna uwezekano mkubwa angepona kama angehamishiwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya tatizo hili ilikuwa tayari inajulikana. Jimbo la Queensland, Australia, lilikuwa na Kanuni ya Ryan tangu 2013, kwa jina la Ryan Saunders, mtoto aliyefariki 2007 akikaribia miaka mitatu, wazazi wake wakiwa wamelalamika kwamba anazidiwa. Kanuni yenyewe haina makuu: zungumza na nesi au daktari, usiporidhika, mwone nesi msimamizi wa zamu, usiporidhika bado, piga simu, mtoto akaangaliwe upya. Martha alikufa miaka minane baada ya hapo. Hospitali hununua mashine mpya kutoka upande wa pili wa dunia bila shida, lakini utaratibu wa simu moja ulisubiri mtoto mwingine azikwe.

Kanuni ya Martha, inayoipa familia haki ya kuomba timu nyingine imwangalie mgonjwa upya haraka, ilianza kutekelezwa England mwaka 2024, na pingamizi nililolisikia sana ni lilelile: wazazi wenye wasiwasi watapiga simu usiku kucha, wataalamu washindwe kuhudumia mahututi wa kweli. Haya, tutazame. Septemba na Oktoba 2024, hospitali zaidi ya 140 zilizotangulia kuitumia kanuni hiyo zilipokea simu 573. Kwa wastani ni kama nne kwa kila hospitali, kwa miezi miwili mizima. Na kati ya hizo, wagonjwa 14 walihamishiwa haraka uangalizi wa mahututi. Mafuriko gani hayo?

Mimi nina hofu ya upande wa pili: kwamba wengi hawatapiga. Merope Mills ni mhariri mwandamizi wa gazeti la The Guardian. Maneno ndiyo kazi yake, na bado wodini hakusikika. Kilichosikika ni makala yake, baada ya mazishi. Aishwarya Aswath, mtoto wa miaka saba, alifariki Aprili 2021 katika hospitali ya watoto ya Perth, Australia, baada ya kusubiri karibu saa mbili kitengo cha dharura huku wazazi wake wakiomba msaada tena na tena. Wao, wahamiaji kutoka India, walifikia kugoma kula nje ya hospitali ili wajibiwe. Sasa mfikirie mzazi asiye na gazeti wala nguvu ya kugoma, lugha ya daktari inampiga chenga, na anaogopa kwamba akionekana mjuaji, atakayeadhibiwa ni mtoto. Namba ya simu ukutani itamfaa nini?

Ndiyo maana kwangu kiini cha Kanuni ya Martha ni sehemu isiyovuma: kwamba mgonjwa na jamaa zake waulizwe kila siku kuhusu hali, na jibu liandikwe. Hapo mzazi hahitaji ujasiri, maana ameulizwa. Nesi naye, ambaye mara nyingi ana wagonjwa wengi kuliko mikono, hahitaji kuamua kama huyu mama ni msumbufu, kwa kuwa kuuliza ni sehemu ya kazi, kama kupima joto. (Na manesi wenyewe, tusisahau, nao hupuuzwa na wakubwa wao. Kanuni hiyohiyo inampa mfanyakazi yeyote haki ya kuita timu nyingine.)

Swali lenyewe halichukui hata nusu dakika. "Mama, leo unamwonaje, kuliko jana?" Kisha jibu lake liandikwe kwenye karatasi ileile ya joto na mapigo ya moyo, mahali ambapo daktari wa usiku hawezi kulikwepa: *mama anasema mtoto anafyonza kitambaa.*