Mzee mwenye nyumba kajiona kwenye TV

Najua Side ameshawasimulia kisa changu na Mzee mwenye nyumba wangu. Kwenye toleo lake mimi nimejificha chini ya meza na Mzee kanipa notisi ya kuhama. Haya, sogeeni niwape yenyewe, kabla hajaongeza na polisi.

Mnaocheza Spore mnaielewa raha ya hatua ya pili. (Wageni: ni gemu ya Maxis ya mwaka 2008. Unaanza kijidudu majini, unakula wenzako, unapanda nchi kavu, unakuwa kabila, kisha dola, mwisho unaruka angani na chombo. Hatua tano, tuendelee.) Utamu wote uko pale unapounda kiumbe. Peleka kishale cha mausi kwenye pingili ya uti wa mgongo, zungusha gurudumu: upande huu pananenepa, upande ule panakonda. Pingili za katikati nikazinenepesha mpaka kikatoka kitambi chenye hadhi yake. Viungo vya miguu nikavikondesha mpaka gurudumu likakataa. Macho madogo mawili, yamebanana. Mikono minne, kwa sababu huyu ninayemsema mkono mmoja ukidai maji, wa pili unadai umeme, na taka nazo zina mkono wake. Chini ya skrini nikaandika jina: Kodilini. Ndivyo anavyopiga hodi.

Sasa Kodilini alikuwa mtu wa watu. Nilikuwa nampeleka kwenye viota vya jirani, mwenyeji akiimba anaimba, akicheza anacheza, mpaka wanakuwa marafiki. Ila kucheza kulikuwa kunamshinda. Na nyie mnaorundika miguu sita mkidhani kiumbe atacheza zaidi, acheni: gemu haijumlishi, inahesabu kipande chenye kiwango cha juu tu. Nilikuwa nimeokota miguu mizuri kwenye mifupa njiani, na ili umvalishe lazima urudi kiotani, ubonyeze mwito wa kujamiiana, yai litagwe, ndipo ukurasa wa kuunda ufunguke.

Nikabonyeza. Laptopu imechomekwa HDMI kwenye TV ya sebuleni, sauti juu, mpwa wangu kakaa mbele kwenye mkeka.

“Hodi! Kodi lini?”

Mlango ulikuwa wazi. Nikasema shikamoo Mzee, akaitikia marahaba huku anakaa. Alikaa kwenye kochi. Juu ya rimoti.

Hapa twendeni polepole, nami niliteseka polepole.

Wale wawili wakianza, gemu inakunyang'anya usukani. Kamera inasogea yenyewe. Kodilini huyo, kitambi mbele, anamzunguka mwenzake. Na mwenzake pia ni Kodilini, maana ni ukoo mmoja, kwa hiyo kwenye skrini kulikuwa na Mzee wawili. Muziki wa taratibu. Mioyo inapanda hewani. Mikono minane inapepea. Nabonyeza kitufe hiki, nabonyeza kile, hakuna kinachosikia. Nikamwambia Mzee hebu nyanyuka kidogo, akasema kwani kochi ni lako peke yako?

Nikaona dawa ni kuchomoa waya. Nikapiga mbizi nyuma ya meza ya TV. (Side, umesoma? Nyuma.) Kule kuna waya wa king'amuzi, wa redio, na mmoja sijui wa nini, zote nyeusi. Nikavuta mmoja. Feni ikazima. Nikiwa huko huko kichwa chini nikasikia yai linadondoka, kisha ule muziki mwingine ninaoujua vizuri sana: ukurasa wa kuunda umefunguka.

Yaani Kodilini sasa yuko peke yake, kajaa TV nzima ya inchi 43, anageuza shingo, anapepesa macho, anamtazama mgeni.

Nikasikia mfuko wa shati unapapaswa. Miwani. Kisha sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza:

“Ko... di... li... ni.”

Kimya. Hata kuku wa nje walinyamaza.

“Babu,” mpwa wangu akasema, kwa furaha kabisa, “si ndiye wewe!”

Nilibaki nyuma ya meza ile nikisoma maandishi ya nyuma ya TV. Imetengenezwa China, mkitaka kujua.

“Kijana,” Mzee akasema. “Toka huko.”

Nikatoka.

“Kitambi sawa. Hiyo miguu ndiyo nini?”

Mengine nayakimbiza. Nikazungusha gurudumu, akasema ongeza, nikaongeza, akasema na mapaja. Pointi zangu za DNA (ndizo hela za kununulia viungo kwenye gemu) zote nilizotunza kwa ajili ya mabawa ziliishia kwenye masharubu aliyoyachagua mwenyewe. Akapokea kodi, akahesabu mara mbili, akaondoka. Notisi hakuna. Feni imepona.

Tatizo lililobaki ni kwamba mjukuu wake anayo gemu hiyo hiyo, na Mzee ananidai Kodilini kila asubuhi. Kumtoa ni rahisi: kiumbe wa Spore anahifadhiwa kwenye kapicha ka PNG ka piseli 128 kwa 128, kamo kwenye folda ya My Spore Creations, na data zake zote zimefichwa humo ndani. Unakaburuta mpaka kwenye gemu, kiumbe anatokea mzima. Mkikatuma WhatsApp katumeni kama dokumenti. Kakitumwa kama picha kanabanwa upya, data zinapotea, mpokeaji anabaki na picha tupu isiyoingia kokote.

Mzee nimemtumia kama picha.